Twende Ladakh, wanakofuga barafu



Safu hii haina basi wala tikiti. Tunasafiri kwa macho, na nauli yetu ni gazeti hili. Leo jifunike blanketi zito, maana tunakwenda mbali na tunapanda juu sana. Tunakwenda Ladakh, kaskazini kabisa ya nchi ya India, ndani ya milima ya Himalaya.

Himalaya ni milima mirefu kuliko yote duniani. Jina hilo ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Maana yake ni makao ya theluji. Mlima wetu Kilimanjaro una urefu wa meta 5,895. Kilele cha Everest, kilichoko mpakani mwa Nepal na China, kina meta 8,849. Ukiuweka mlima Meru na Kilimanjaro pamoja, hapo ndipo utaupita Everest.

Watu wengi wakisikia Himalaya hufikiri habari ya kupanda vilele. Mimi sikuiti kwa ajili hiyo. Kupanda vilele ni kazi ya watu wachache wenye fedha nyingi na mapafu yenye nguvu. Nakuita uende ukaone mashamba ya shayiri. Huenda unasema, mwandishi huyu amepotea njia. Subiri kidogo.

Kusi hugota ukutani

Tuulizane swali. Ladakh iko katikati ya milima yenye theluji. Je, wakulima wake wana maji ya kutosha?

Hawana. Ladakh ni jangwa. Mji wake mkubwa unaitwa Leh. Hapo Leh, mvua na theluji ya mwaka mzima ni kama milimeta 100 tu. Dodoma, ambako sisi tunasema ni pakavu, hupata zaidi ya milimeta 500 kwa mwaka.

Sababu ya ukavu huo inaanzia huku kwetu. Wasomaji wa pwani wanaujua upepo wa kusi. Ndio uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Zanzibar na Lamu kwenda Arabuni na India. Kusi haiishii pwani. Inavuka Bahari ya Hindi, inabeba mvuke wa maji, na mwezi Juni inafika India ikiwa imejaa mawingu. Huko huwapa wakulima mvua ya kupandia mpunga. Mawingu huendelea kaskazini mpaka yanagota kwenye Himalaya, kama mtu aliyegota ukutani. Hayana njia ila kupanda. Yakipanda hupoa, na yakipoa humwaga maji upande wa kusini. Yakifika upande wa pili hayana kitu. Ladakh iko upande huo wa pili.

Umewahi kujikinga nyuma ya nyumba wakati mvua inapigwa na upepo kwa mbele? Wewe hulowi, na ardhi uliyosimama juu yake hailowi. Ladakh imejikinga hivyo tangu zamani za kale, bila kupenda.

Basi watu hunywa nini? Hunywa barafu. Juu milimani, kwenye meta 5,000 na zaidi, theluji ya miaka mingi imelundikana na kushindiliwa mpaka ikawa barafu nene. Barafu hiyo huteremka polepole bondeni, mwendo usioonekana kwa macho. Watu huiita mto wa barafu. Wakati wa joto huyeyuka kwa chini na kutoa kijito. Kila palipo na kijito pana kijiji. Ukitazama kutoka mlimani utaona mawe na mchanga kila upande, kisha kipande kimoja cha kijani kama kitambaa kilichodondoka. Hicho ndicho kijiji. Pale mfereji wa mwisho unapoishia, ndipo kijani kinapoishia.

Upo mto mkubwa, Indus, unaopita katikati ya nchi. Lakini mahali pengi unapita chini sana bondeni, na mashamba yako juu. Mkulima anauona mto lakini hawezi kuunywesha shamba lake.

Bwana wa maji

Sasa nikuambie kitu ambacho kingenifanya mimi nifunge safari. Katika vijiji vya Ladakh yuko mtu anayeitwa churpon. Kwa lugha yao, chu ni maji. Churpon ni bwana wa maji. Wanakijiji humchagua wenyewe, na mahali pengine kazi hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba. Kazi yake ni kusema shamba la nani litapata maji leo, kwa muda gani, na la nani litafuata. Mfereji hufunguliwa na kufungwa kwa mawe na mabonge ya udongo. Hakuna kufuli. Msomaji wa Uchagani aliyekua kando ya mfongo atamwelewa mtu huyu mara moja.

Yako pia malambo madogo, ambayo wao huyaita zing. Usiku mashamba hayanyweshwi, kwa hiyo maji ya kijito huingia lamboni. Asubuhi lambo limejaa, na zamu ya kwanza inaanza. Maji ya usiku hayapotei.

Ebu fikiri. Maji ni machache, wakulima ni wengi, na kila mmoja ana shayiri inayokauka. Mahali pengine maneno yangekwisha kwa majembe vichwani. Ugomvi upo Ladakh pia, kwa maana watu ni watu. Lakini utaratibu huu umewalisha kwa mamia ya miaka katika nchi ambayo mtu mgeni angesema haiwezekani kuishi. Mtu akija kutoka Ladakh akanionyesha picha ya kilele, nitaitazama. Akinionyesha picha ya churpon akiwa na jembe lake, nitamwomba anisimulie.

Mwezi wenye kiu

Tatizo kubwa liko mwezi wa Aprili na Mei. Baridi ya Ladakh ni kali mno. Usiku joto huweza kushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mkulima ana msimu mmoja tu. Apande mwishoni mwa Aprili au Mei, avune kabla baridi haijarudi. Lakini barafu ya kule juu haianzi kuyeyuka sawasawa mpaka Juni. Wakati wa kupanda, mkulima ana mbegu mkononi, na kijito kina maji kidogo tu. Wakati wa baridi, ambapo shamba limelala, maji ya kijito hupita bure kwenda mtoni.

Siku hizi tatizo limezidi. Dunia inapata joto, na mito ya barafu inapungua. Katika bonde la Zanskar kiko kijiji cha kale kiitwacho Kumik. Kijito chake kilipungua mwaka baada ya mwaka. Wanakijiji walikata shauri kuhamia chini, mahali pakavu karibu na mto, na kuanza kuchimba mfereji mpya na kujenga nyumba upya. Kuhama kijiji cha babu zako kwa sababu kijito kimekatika ni jambo gumu kulisema, sembuse kulitenda.

Hapo ndipo inapoanza habari ya watu wanaofuga barafu.

Alikuwako fundi wa serikali, mhandisi, jina lake Chewang Norphel. Kazi yake ilikuwa barabara, madaraja na mifereji vijijini. Siku moja ya baridi aliona bomba lililoachwa wazi likitiririka. Watu wa huko huliacha bomba wazi makusudi, kwa sababu maji yakisimama ndani yanaganda na bomba linapasuka. Norphel aliona kwamba maji yale, yaliposambaa kidogo kidogo chini ya kivuli cha miti, yaliganda yakawa barafu. Lakini kijito cha karibu kilikuwa kinakimbia na hakikuganda.

Wengi waliyaona maji hayo. Yeye alijiuliza: kwa nini haya yameganda na yale hayakuganda? Akapata jibu. Maji yanayokimbia hayagandi upesi. Maji yaliyopunguzwa mwendo, yakasambazwa kwenye kivuli, yanaganda.

Mwaka 1987 alianza kulijaribu jambo hilo katika kijiji cha Phuktsey. Maji ya kijito wakati wa baridi yaligeuzwa na kupelekwa kwenye bonde lenye kivuli. Humo zilijengwa kuta fupi za mawe, moja chini ya nyingine, kama ngazi. Maji yalipofika kwenye ukuta yalipunguza mwendo, yakatanda, yakaganda. Kesho yake maji mengine yakapita juu ya barafu ile, nayo yakaganda. Kufikia mwisho wa baridi, bonde lote lilikuwa barafu.

Je, barafu hiyo inamsaidiaje mkulima? Sikiliza vizuri, hapa ndipo penye akili. Barafu ya Norphel haiko kule juu kwenye meta 5,000. Iko chini zaidi, karibu na kijiji, ambako joto huanza mapema. Kwa hiyo inayeyuka mwezi wa Aprili na Mei, wakati mkulima ana mbegu mkononi. Maji yaliyokuwa yakipotea Januari sasa yanafika shambani Mei. Hakuna injini, na vifaa vingi ni mawe ya hapo hapo. Watu walimpa jina la mtu wa barafu, na mwaka 2015 Serikali ya India ilimpa nishani.

Baadaye akaja mhandisi mwingine wa Ladakh, Sonam Wangchuk. Huyu alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha mwaka 1988 chama cha kusaidia wanafunzi wanaoshindwa mitihani. Aliona upungufu mmoja. Barafu ya Norphel imelala chini, tena inataka bonde la kivuli, na si kila kijiji kina bonde kama hilo. Ikipigwa na jua inayeyuka mapema mno. Wangchuk akauliza: je, tukiisimamisha?

Chukua ugali. Utandaze wote kwenye sinia pana. Kisha upike mwingine kiasi kile kile, uufanye kilima kirefu. Upi unapoa haraka? Ule uliotandazwa, kwa sababu sehemu kubwa imeguswa na hewa. Barafu na jua ni vivyo hivyo. Barafu iliyotanda huguswa na jua kila mahali. Iliyosimama kama pia iliyogeuzwa huguswa kidogo, kwa hiyo hudumu zaidi.

Wakati wa baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014, Wangchuk na wanafunzi walitengeneza ya kwanza. Walifanya hivi. Walichukua maji ya kijito mahali pa juu, wakayateremsha kwa bomba lililofukiwa ardhini. Mwisho wa bomba waliusimamisha wima. Maji yanayotoka juu hupenda kupanda tena karibu na kimo kile kile, kwa hiyo yaliruka yenyewe kwenye ncha ya bomba bila pampu. Usiku, katika baridi kali, matone yalianguka yakiwa yanaganda. Kidogo kidogo kikajengeka kilima cha barafu cha meta 6 hivi, chenye maji kama lita 150,000. Mwezi wa Mei mwaka 2014 kilikuwa bado kinatoa maji. Cha mwaka uliofuata, katika kijiji cha Phyang, kilikuwa kikubwa zaidi sana, na kiliendelea kutoa maji mpaka Julai. Umbo lake linafanana na minara mitakatifu ya dini ya Kibuddha, iitwayo stupa. Kwa hiyo watu wakaviita stupa za barafu. Siku hizi vijiji vingi hujenga vya kwao kila baridi.

Nisikufiche upande wa pili. Bomba huganda na kuziba, na vijana hulazimika kulizibua usiku wa manane katika baridi ya kuua. Kuta za Norphel hubomolewa na mafuriko na zinataka kutengenezwa kila mwaka, lakini vijana wengi wamehamia mjini au jeshini. Mahali pengine kijiji cha chini kimelalamika kwamba kijiji cha juu kimefuga maji yao. Tena kilima cha barafu hakiwezi kuurudisha mto wa barafu uliokufa. Kikikosa kijito hakina cha kugandisha.

Kulala kijijini

Sasa tuseme umefika. Usikimbilie hoteli. Katika vijiji vingi, kwa mfano Rumbak katika Hifadhi ya Taifa ya Hemis, wenyeji hupokea wageni nyumbani mwao. Wageni hugawiwa nyumba kwa zamu, ili isiwe nyumba moja inatajirika na nyingine inatazama. Fedha nyingi hushikwa na mama wa nyumba.

Desturi hiyo ilianza kwa sababu ya chui. Milima hiyo ina chui wa theluji, mnyama wa kijivu mwenye mkia mrefu mnene. Chui huyu akiingia zizini usiku haui mbuzi mmoja. Anaweza kuua zizi zima. Zamani wanakijiji walimtega na kumwua, na wewe mfugaji huwezi kuwalaumu. Sasa wengi wamefunika mazizi kwa wavu wa waya, na mgeni anayekuja kumtafuta chui hulala kwao na kulipa. Chui akiwa hai analeta karo ya watoto. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba India ina chui wa theluji 718, na 477 kati yao wako Ladakh.

Utaketi jikoni, karibu na jiko. Utapewa unga wa shayiri iliyokaangwa, uukande kwa chai. Chai yenyewe ina chumvi na siagi. Usikunje uso. Ukiifikiria kama chai utashindwa, lakini ukiifikiria kama mchuzi utamaliza kikombe, na ukikimaliza kitajazwa tena. Kuna pia tunda dogo la rangi ya chungwa, wao huliita chuli. Huanikwa juu ya paa na kuliwa wakati wa baridi, na kokwa zake hukamuliwa mafuta.

Choo chao usikicheke. Ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni. Ukimaliza, unatupia udongo na majivu. Hakuna tone la maji. Baada ya muda, chumba cha chini hufunguliwa, na kilichomo kimekuwa mbolea kavu isiyonuka, inapelekwa shambani. Katika nchi yenye kiu, choo hicho ni sehemu ya kilimo.

Ninaona uchungu kusema kwamba wageni ndio wanaokiharibu. Ladakh ilifunguliwa kwa watalii mwaka 1974. Walikuja wachache kwanza. Mwaka 2022 walifika zaidi ya 500,000. Kwa sensa ya mwaka 2011, wakazi wote wa Ladakh walikuwa 274,000 hivi. Mgeni anataka kuoga kila siku kwa maji moto na kuvuta choo cha maji. Hoteli za Leh zimechimba visima virefu, na chemchemi za mji zinapungua. Mgeni amekuja kuona barafu, na anakunywa maji ya shayiri ya mwenyeji. Kwa hiyo nakuambia nenda, lakini nenda kijijini, omba ndoo moja, na utumie choo chao.

Jambo la afya sasa. Leh iko juu kiasi cha meta 3,500. Hewa ni nyepesi, na kila pumzi ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Mgeni aliyefika kwa ndege kutoka Delhi huumwa kichwa, hutapika na hukosa usingizi. Apumzike siku mbili nzima, anywe maji, asipande zaidi. Akianza kukohoa na kuhema akiwa amekaa tu, au akichanganyikiwa na kuyumba, huyo si wa kungoja asubuhi. Ateremshwe chini mara moja na apelekwe hospitali.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Wakati wa baridi theluji huzifunga njia za milimani. Lakini hata wakati mzuri una hatari yake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilishuka Leh. Nyumba za matofali ya udongo na paa za tambarare hazikujengwa kwa mvua ya namna hiyo. Matope yaliteremka, na watu zaidi ya 200 walikufa. Ukilala huko, uliza kijito kiko upande gani, na usipige hema kwenye korongo kavu.

Kama ningeweza kuchagua siku moja tu ya kwenda, ningechagua siku ya Mei ambayo churpon anafungua mfereji kwa mara ya kwanza. Ningekaa juu ya ukuta wa shamba na kungoja maji. Yanakuja polepole, yakisukuma majani makavu na vumbi mbele yake, na mkulima anayafuata kwa jembe.

Wenyeji wakikuona watasema: Julley! Nawe ujibu: Julley! Neno hilo ni salamu, ni asante, na ni kwaheri pia, kwa hiyo hata sisi tunaoondoka sasa linatutosha. Julley, ndugu msomaji.